Aliyeona Chembe Mpya

Marehemu hawana adabu. Wanakufa, wanapumzika zao, halafu wanakuachia maneno yao yamechongwa kwenye jiwe, na wewe uliyebaki hai ndiye unayetafuta pa kuficha uso. Ndivyo yalivyomkuta Evelina, binti wa Mwalimu Nkwabi, aliporudi Mwanza kutoka Ulaya kwa ajili ya arobaini ya baba yake.

Mazishi hakuyawahi. Huku kwetu maiti haisubiri ndege za kuunganisha. Alipopata tiketi, mzee alikuwa ameshalazwa kwenye udongo wa Bujora, kwenye shamba la ukoo. Kwa hiyo sasa alikuja na sanduku moja, na kifua kimejaa machozi yaliyogoma kutoka. Mdogo wake Malimi alimpokea uwanja wa ndege, wakaenda nyumbani Kiseke, njia nzima wakiongea habari za barabara mpya, kwa sababu habari nyingine zilikuwa ngumu.

Loo, nyumba ile! Geti lilelile la buluu linalolia ukilisukuma. Na uani, jiwe lilelile kubwa ambalo Mwalimu alishindwa kulipasua wakati wa kujenga, mwishowe akalizungushia ukuta likawa kama mtu wa familia. Juu ya jiwe hilo Evelina alifanyia hesabu zake zote za shule. Baba yake alisimama pembeni na mswaki mdomoni, akichungulia daftari, na povu likimdondoka kidevuni alifoka: "Onyesha njia!" Jibu sahihi lisilo na njia alilipa sifuri, hata kama mwenye jibu ni mwanawe na anakaribia kulia. Evelina alikaa pale juu ya jiwe kabla hata ya kunywa chai. Lilikuwa na joto la jua vilevile kama zamani, na alitamani mtu atoke ndani amfokee.

Alikumbuka Jumamosi za Kirumba. Baba na binti walishuka soko la samaki la Mwaloni asubuhi kutafuta furu, wale samaki wadogo walioanza kuadimika tangu sangara watawale ziwa. Mwalimu alikuwa na ugomvi wa kudumu na sangara. Alisema ni samaki wa watu wasio na meno wala kumbukumbu. Alizunguka meza baada ya meza akiuliza furu, akiambiwa hakuna, akibisha, mpaka apatikane wa kujaza kisahani. Huko Ulaya, Evelina alishawahi kusimama katikati ya duka la samaki, kila kitu kimepangwa kwenye barafu na hakuna harufu yoyote, akajikuta anaitamani harufu ya dagaa wa Mwaloni kwa nguvu mpaka akaona aibu.

Na ni palepale Mwaloni, kwenye mizani, Mwalimu alipokuja kuitangaza kazi ya binti yake. Evelina alikuwa mmoja wa kundi kubwa la wanasayansi wanaofanya kazi kwenye mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe, chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Machi mwaka 2021 matokeo yao yalitoka, dunia ya fizikia ikasisimka, na Mwalimu Nkwabi, mstaafu, akapanda juu ya kreti la soda.

"Chukueni ndugu wawili," aliwaambia wachuuzi. "Wanaleta samaki walewale, uzito uleule, kwa mnunuzi yuleyule. Kila siku mmoja anaondoka na pungufu. Mwizi hamjamwona. Lakini si mnajua kuna mtu nyuma ya mzani?"

"Tunajua, Mwalimu!" Nani asiyejua, Mwaloni?

"Basi! Kuna chembe nzito, inavunjika. Mara inatoa elektroni, mara inatoa mioni, ambaye ni kaka yake mnene. Sheria inasema hao ndugu wagawane sawa. Sasa binti yangu na wenzake wamehesabu, wakakuta Mioni anapunjwa. Kwa hiyo kuna chembe mpya nyuma ya mzani, haijawahi kuonekana na mtu tangu dunia iumbwe!"

Wataalamu wenyewe aina hizo za chembe huziita ladha, na Mwalimu alilipenda neno hilo kupita yote. Alisema hatimaye sayansi imefika Mwaloni. Kitu alichokisahau ni kimoja tu. Kwenye simu Evelina alimwambia, "Baba, huenda kuna chembe mpya." Hiyo "huenda" ilidondoka mahali fulani kati ya Geneva na Kirumba, na hakuna aliyeiokota.

Sasa sikiliza tatizo. Baada ya matangazo yale, kundi la Evelina lilirudi kupima upya, maana hiyo ndiyo kazi: ukiona ajabu unaishuku kwanza. Mwaka uliofuata, wakiendelea kuchambua, wakakuta ajabu yao inayeyuka. Hakukuwa na upunjaji. Walikubaliana kwa kauli moja kwamba hakuna atakayefungua mdomo, hata kwa mume, hata kwa mama mzazi, mpaka hesabu zote zikaguliwe na matokeo yatangazwe mwezi Desemba. Mwalimu alikuwa bado hai, kitandani. Kila akipiga simu alianza na swali lilelile: "Mmefikia wapi?" Na Evelina alijibu, "Bado tunapima, baba." "Pimeni," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayejua jibu tayari. Oktoba akafariki. Arobaini ikaangukia Novemba, kabla ya matangazo.

Jioni ile, wakiwa mezani, Malimi alitoa simu yake akamwonyesha dada yake picha ya jiwe la kaburi. Marumaru nyeusi, herufi za dhahabu:

MWALIMU NESTORY NKWABI
BABA WA EVELINA
ALIYEONA CHEMBE MPYA

Tonge likamkwama Evelina. "Nani aliyatunga haya?"

"Mzee mwenyewe. Alinitajia nikiwa namgeuza kitandani. Alinirudishia mara kwa mara mpaka nikayashika."

"Malimi, tusilifunue kesho. Tuahirishe."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema!" Malimi alikuwa mtu mpole, fundi wa friji asiyepandisha sauti, lakini siku hiyo aliipandisha. "Wanafunzi wake wa zamani wamechangishana mpaka marumaru ikapatikana. Katekista ameshaitwa. Ng'ombe amefungwa kule Bujora toka jana. Wewe umeshuka leo kwenye ndege, unaniambia tuahirishe na sababu huna?"

"Sababu ninayo. Siwezi kuisema tu."

"Basi hata mimi siwezi kuahirisha," alisema Malimi, akasukuma sahani.

Evelina alibaki anaangalia ugali. Akinyamaza, kesho jiwe litafunuliwa, na mwezi ujao dunia nzima itajua kwamba hakuna chembe. Nusu ya wanafunzi wa baba yake ni walimu wa fizikia, watasikia tu, na kila watakapopita kwenye lile kaburi watasoma uongo kwenye kifua cha mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumwachia mtoto hata desimali moja. Akisema, atakuwa amewasaliti wenzake waliomwamini, na pia atakuwa amemuumbua baba yake mbele ya wageni, siku ya kumuaga. Hakika hapakuwa na pa kutokea.

Pale mezani palikuwa na mtu wa tatu. Huyu alikuwa Mwalimu Chilewa, Mgogo wa Dodoma, aliyeletwa Mwanza ujanani kufundisha jiografia shule moja na Nkwabi, akaoa Kirumba, akazeekea Kirumba. Wagogo na Wasukuma ni watani, na hao wawili waliubeba utani wa makabila yao kama ajira ya pili. Nkwabi alikuwa akisema Mgogo alikimbia kwao kwa sababu hata mvua ya Dodoma huomba ruhusa kabla ya kunyesha. Chilewa naye alijibu kwamba Msukuma akifika mbinguni, kabla ya kumsalimia Mungu, atauliza malisho yako upande gani. Siku ya mazishi presha ilimlaza Chilewa hospitali, kwa hiyo kazi yake ya mtani hakuifanya, na jambo hilo lilimuuma kuliko presha yenyewe. Jioni ile alimtazama Evelina kwa muda, akamalizia samaki wake, akalamba vidole na kuaga.

Kesho yake Bujora ilijaa. Viti vya plastiki, maturubai, sufuria zikifuka nyuma ya nyumba, akina mama wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti zile za Kisukuma zinazoburuza mwisho wa kila mstari. Evelina alikaa mbele na kitenge cheusi, akipokea pole, akiitikia asante, moyo umemkauka. Watu walinong'onezana: ndiye yule, aliyeona chembe. Mzee mmoja alimshika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili, akawa hataki kuuachia.

Katekista alimaliza sala. Malimi akasogea kwenye kaburi, akashika pindo la shuka jeupe lililofunika jiwe.

Hapo ndipo Mwalimu Nkwabi alipotokea nyuma ya nyumba.

Koti la kaki lenye mifuko iliyochanika, lile la kufundishia. Bega la kushoto limeshuka. Miwani kwenye ncha ya pua, kipande cha chaki nyuma ya sikio, na ule mwendo wa mtu anayewahi kipindi. Evelina alishaanza kunyanyuka kwenye kiti kumkimbilia, miguu ikiwa imetangulia akili, kabla hajaona kwamba kichwa kile kina mvi za Chilewa.

"Nani kafunga darasa kabla ya kengele?" aliuliza mtani, na sauti, jamani, ilikuwa ile yenyewe, pamoja na kikohozi. Akaenda moja kwa moja akaketi juu ya jiwe, palepale juu ya shuka, akakunja nne. "Hili halifunuliwi. Sijakagua."

Bujora nzima ikaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Asiyejua mila hii ataiona ni ukatili, lakini ndivyo ilivyo. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Maneno yanayosemwa na mtani, na maneno anayoambiwa mtani, yanabaki msibani. Atakayeyabeba nje ataambiwa alikuwa anasikiliza upuuzi, na ataonekana yeye ndiye hana akili.

Chilewa alifanya kazi yake. Aliulalamikia udongo wa Bujora kwamba una kokoto na unamchoma mbavu. Alimsimamisha daktari mmoja mnene, mwanafunzi wake wa zamani, akamtaka ataje kanuni ya kuelea, daktari akaikosea, watu wakashika matumbo. Akasema kule alikokwenda ameulizia furu, akaambiwa na huko wapo sangara tu. Evelina alicheka hapo, akashangaa kujisikia anacheka.

"Evelina!" sauti ya baba yake ikaita. "Simama."

Akasimama. "Shikamoo baba." Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba mwanangu. Mmefikia wapi?"

Watu wakatulia wakitabasamu. "Siwezi kusema, baba. Ni siri ya kazi."

"Unamwambia maiti," alisema mtani. "Maiti atampigia nani simu?"

Vicheko vikapanda tena, na chini ya vicheko hivyo Evelina alielewa. Mzee huyu alikuwa amemfungulia mlango, na mlango huo ungefungwa akishavua koti. Akavuta pumzi.

"Hakuna chembe, baba."

"Dada!" Malimi alisema.

"Hakuna. Mioni hapunjwi. Wanagawana sawa, kama sheria ilivyosema toka mwanzo."

Sufuria za nyuma zikasikika zikichemka. Chilewa alisogeza miwani.

"Onyesha njia."

Ee Mungu wangu! Evelina aliinamisha kichwa, halafu akakiinua, akaanza kueleza kama alivyoeleza zamani juu ya lile jiwe la Kiseke. "Mtambo wetu unazitambua chembe kwa alama zake. Elektroni ina alama zake. Lakini kuna chembe nyingine, inaitwa pioni, mara chache inapita ikiwa na alama zinazofanana na za elektroni. Tukaziona, tukazihesabu humo humo. Basi elektroni zikaonekana nyingi, mioni ikaonekana imepunjwa."

"Mlidanganywaje, watu wazima na digrii zenu?"

"Kama nilivyodanganywa sasa hivi. Umevaa koti la baba, miwani ya baba, umekohoa kama baba. Nilitaka kukukimbilia. Ningekuwa nahesabu akina Nkwabi, ningekuhesabu na wewe."

Walicheka, walipiga makofi, daktari mnene akijifuta macho. "Amekupata, Mgogo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Na mlipozivua koti?"

"Tofauti ikaisha."

"Nani aliiba?"

"Hakuna aliyeiba, baba. Mzani ndio ulikuwa na uchafu. Tumeusafisha. Bado kuna mahali pengine pa kupima, na tutapima."

Sasa angeweza kukaa. Kila kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kimesemwa, na wengine wote walidhani mchezo umekwisha. Lakini alibaki amesimama, kwa sababu kulikuwa na jambo moja lililomtafuna tangu Oktoba, na mbele yake lilikuwapo koti, na ndani ya koti ilikuwapo sauti.

"Baba," alisema, "umekasirika?"

Chilewa alifungua mdomo. Bega la kushoto lilikuwa bado limeshuka, kichwa bado kimeinama upande ule ule. Halafu akaufumba. Alivua miwani polepole, akaishika mkononi, na alipoongea sauti ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, ya mzee wa Kirumba.

"Mwanangu, Nkwabi nimemwigiza tangu tukiwa vijana. Najua angekohoa wapi, angemfokea nani. Hilo sijui. Naapa sijui angesema nini."

Na akalia, mtani mzima, akiwa juu ya kaburi la rafiki yake, na hapo Evelina naye akalia. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, kama mtoto aliyechapwa. Alimlilia baba yake ambaye hayupo Kiseke wala Mwaloni wala ndani ya koti lile, ambaye hatamjibu tena swali lolote mpaka dunia iishe. Akina mama walimfuata wakamshika mabega, wakamwacha alie mpaka atosheke.

Alipotosheka, Malimi alikuwa bado amesimama kando ya kaburi na pindo la shuka mkononi. Chilewa alishateremka. Malimi akavuta shuka, na herufi za dhahabu zikawaka juani. Hakuna aliyepiga vigelegele.

"Ni maneno ya mzee," alisema Malimi kwa sauti ya chini. "Nilimwahidi."

"Najua. Lakini si kweli, Malimi. Mstari wa mwisho utoke."

Malimi alitazama jiwe, akamtazama dada yake, akatazama tena jiwe. Kisha akamwita Ngosha, fundi aliyelichonga, ambaye alikuwa kwenye foleni ya pilau na alikuja na sahani yake. Ngosha alipitisha kidole kwenye herufi.

"Kusaga nitasaga," alisema. "Ila pataonekana. Hapa lazima pakae maneno mengine, hata mawili tu nitayakuza herufi, la sivyo patakuwa kama jino lililong'oka."

Evelina alilisoma jiwe upya, tangu juu. Mwalimu Nestory Nkwabi. Baba wa Evelina. Akamtazama mdogo wake, mikono yake mikubwa iliyomgeuza mzee kitandani miezi yote ile, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Andika, NA MALIMI."

Ngosha akapima kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Malimi ndiye aliyeshtuka.

"Aa, dada. Mimi sijaona chembe yoyote."

"Hata mimi," alisema Evelina.